Mjadala: Mawe yaliyoanguka kwenye piramidi ya Menkaure yarudishwe au yaachwe?

Wadau, tulijadili hili kwa utulivu. Januari 2024 Mostafa Waziri, wakati huo katibu mkuu wa Baraza Kuu la Mambo ya Kale la Misri, alitangaza mpango wa kuirudishia piramidi ya Menkaure, farao wa Misri ya kale, pale Giza vazi lake la graniti, yaani mawe magumu yaliyoifunika kwa nje. Aliuita mradi wa karne. Malalamiko yakawa mengi, kamati ikaundwa chini ya Zahi Hawass, mtaalamu wa mambo ya kale wa Misri, na Februari ikaamua mawe yasirudishwe.

Mimi niko na kamati. Menkaure alikufa piramidi hii, kaburi lake, haijaisha. Safu 16 za chini zilivikwa graniti iliyoletwa kwa mto Nile kutoka Aswan, kusini mwa Misri, zaidi ya kilomita 700, lakini sehemu kubwa haikuwahi kulainishwa. Karibu na mlango mawe yamenyooka. Ukisogea pembeni yamebaki na manundu yake. Unaona kabisa pale fundi alipoweka chini nyundo yake ya jiwe. Nataka wajukuu zetu nao wapaone.

*Jibu:* Mkuu, nakuelewa, ila ukuta wako ukidondosha jiwe utaliacha mchangani? Tena piramidi hii haikuchakaa kwa umri tu. Mwaka 1196 al-Aziz Uthman, sultani wa Misri na mtoto wa Salahuddin, aliweka watu waibomoe. Miezi minane wamehangaika, wakaambulia lile pengo la upande wa kaskazini. Sasa aliyebomoa kazi yake itunzwe, anayetaka kutengeneza azuiwe?

*Mleta mada:* Ndugu yangu, ukuta wangu najua kila tofali lilipokaa. Hapa kamati imesema wazi kwamba haiwezekani kujua kila jiwe lilitoka sehemu gani. Ukilipandisha kwa kukisia, umejenga kitu chako juu ya kaburi la mtu, na nyuma yake umefunika alama za ujenzi ambazo watafiti bado wanazisoma.

Halafu kumbuka jeneza lake. Mwaka 1837 Mwingereza Howard Vyse, aliyekuwa akichunguza piramidi, alilikuta chumbani, jiwe la basalti lililochongwa vizuri. Likapakiwa kwenye meli Beatrice kwenda Uingereza, na mwaka 1838 meli ikazama nalo. Lingeachwa pale pale chumbani, leo tungelikuta. Mawe haya yapimwe, yapigwe picha, yapewe namba, yabaki yalipo.

Wengine mnasemaje?