Nimekabidhiwa walimu wa chuo niwahamishie mtandaoni. Nianzie kwa nani?

asistanti_wa_Nyawera (Bukavu)

Wakubwa kwa wadogo, jambo yenu. Mimi ni asistanti katika chuo kimoja hapa Bukavu. Juzi kwenye kikao cha seksio (idara) mkuu wetu alitangaza kwamba kozi nyingi za muhula huu zitatolewa kwa intaneti. Akazungusha macho chumbani, akayatuliza kwangu: "Mama Asistanti atawasindikiza wenzake." Nadhani nilichaguliwa kwa kuwa ordinatere (kompyuta) yangu haizimiki ukiichomoa kwenye umeme. Barua ya kazi sijapewa. Mega za intaneti sijapewa.

Sababu ya kuhama mnaijua. Tangu waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025, ndege za uwanja wetu wa Kavumu zilisimama, na maprofesa wageni waliokuwa wanatoka Kinshasa na Lubumbashi kutumwagia kozi nzima kwa majuma mawili hawafiki tena. Benki zilifunga. Wanafunzi wametawanyika: kuna walioko Uvira, kuna waliovuka hadi Kamembe, Rwanda, kuna waliorudi kwa wazazi Walungu na Kabare.

Sasa niwaeleze walimu wenyewe, maana shida yangu iko hapo.

Kuna mzee wetu, Profesa, anayeongea saa tatu bila karatasi na hakuna mwanafunzi anayesinzia. Nilimwonyesha kurekodi vokali, ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Aliishika simu mbali na mdomo, akatoa ule mzaha wake wa kila mwaka kuhusu mkoloni na baiskeli, akanyamaza kungoja kicheko, halafu akanigeukia: "Sasa nitajuaje kama wameelewa?" Sikuwa na jibu.

Kuna CT (chef de travaux, ngazi iliyo juu ya asistanti) mmoja aliyepiga picha kurasa za silabusi yake, kitabu cha maelezo ya kozi, ukurasa kwa ukurasa, na kidole chake kikionekana pembeni. Akazitupa zote usiku kwenye kundi la WhatsApp la promosyo (wanafunzi wa mwaka mmoja), na asubuhi akatangaza kwamba kozi imekwisha. Kuna watoto waliomaliza mega kabla ya sura ya pili.

Kuna mama mwenzangu, CT pia, ambaye simu yake ni ya nyumba nzima. Mchana anaitumia mume kazini, jioni watoto. Anaipata saa nne usiku ikiwa imebaki na chaji ya kumuaga mtu.

Halafu kuna wale wasiosema hapana wala ndiyo. Ukiwauliza wanajibu "reseau ni dhaifu", na kweli mtandao ni dhaifu, lakini sote tunajua neno lililo chini ya ulimi. Ni silabusi. Silabusi tunayowauzia wanafunzi ndiyo inayolipa nyumba, hasa kwetu sisi NU (waajiriwa wapya) ambao majina yetu hayajafika kwenye orodha ya mshahara wa Serikali. PDF ikishatoka mara moja, nani atanunua karatasi? Hilo hakuna anayelisema kwenye kikao.

Nauliza: nianze na nani? WhatsApp, au majukwaa ya kozi kama Google Classroom na Moodle? Na mtu aliyenifundisha mimi mwenyewe darasani, namwambiaje kwamba hajui kubonyeza? Tafadhali mtu asinishauri semina. Tulishafanya. Umeme ulikatika projekta ikiwa kwenye ukurasa wa kichwa cha habari, tukala sambusa, tukaachana.

Papa_Kampemba (Lubumbashi)

Dada Asistanti, pole na kazi, na pole zaidi kwa kukosa barua. Idai hiyo barua leo. Bila barua, siku mambo yakiharibika utaambiwa ulijituma mwenyewe.

Mimi niliangukiwa na kazi hiyo Machi 2020, Rais Tshisekedi alipofunga shule na vyuo kwa sababu ya korona. Nakupa niliyoyaona, utachagua.

Silabusi kwanza, mashine baadaye. Usiguse simu ya mwalimu yeyote kabla jambo hilo halijawekwa mezani, na usiliweke wewe. Mpelekee mkuu wa seksio faraghani, yeye alilete kama wazo lake. Sisi tulipatana hivi: maelezo ya kozi yanatoka kwa vipande, wiki kwa wiki, kwa wote, bure. Kitabu kizima chenye mazoezi na majibu kinabaki cha mwandishi, anayetaka ananunua kwa pesa ya simu. Jihadharini na neno "lazima", ESU (wizara ya elimu ya juu) imekwisha kukataza kuwalazimisha wanafunzi kununua. Mapato yalipungua kidogo, sitakudanganya. Lakini ule ukimya ulikwisha, na watu wakaanza kuuliza maswali ya kweli.

Pili, mega. Mpe mkuu wako hesabu hii kwa sababu wakubwa wanapenda video. Mkutano wa kundi wa Zoom wenye picha unakadiriwa kula kuanzia mega 810 kwa saa moja, na picha ikiwa safi unapita giga 2. Sauti peke yake inahitaji kama kilobiti 80 kwa sekunde, yaani karibu mega 36 kwa saa. Mwanafunzi aliyeko Walungu akihudhuria kozi ya saa mbili kwa video amekula forfe (kifurushi cha intaneti) ya mwezi. Tena Zoom ya bure inakata mkutano wa kundi kwenye dakika ya 40, Profesa akiwa ndiyo kwanza amemaliza salamu.

Kwa hiyo vokali, ukurasa mmoja au miwili ya maandishi safi, na swali la kujibu. Kila mtu asikilize saa anayopata umeme. Mkutano wa moja kwa moja uacheni kwa maswali tu, mara moja kwa juma, bila picha.

Na ukiona unalaumiwa kwamba kozi hazifanani na zile za vyuo vya nje, jibu lako ni hili. Machi 2020 Charles Hodges na wenzake wa Marekani waliandika kwamba kozi kamili ya mtandaoni huandaliwa miezi sita hadi tisa kabla ya kutolewa, na kwamba kilichokuwa kinafanyika wakati ule kilikuwa ufundishaji wa dharura, kitu kingine kabisa. UNISA ya Afrika Kusini inafundisha watu walio mbali tangu 1946, ilianza kwa posta. Wewe umepewa simu ya nyumba nzima na juma moja. Usikubali kupimwa kwa mzani wao.

Nianze na nani? Huyo mama CT. Mtafutie simu ya mkopo kutoka seksio, hata ya zamani, akae nayo muhula. Wanawake na asistanti wakianza kuonekana wanaweza, hao wengine watakuja usiku kwa siri kukuuliza. Wafungulie.

profesa_mstaafu

Binti yangu, nakuandikia nikiwa upande wa huyo mzee wa baiskeli.

Miaka yote nilifundisha kwa macho. Paji la uso la mwanafunzi wa mstari wa tatu lilikuwa linaniambia nirudie au niendelee. Nilipopewa simu nikaambiwa "ongea tu, Prof", nilijisikia kama ninahubiria makaburi. Vijana walidhani naogopa mashine. Mashine niliizoea kwa muda mfupi, ni sanduku kama masanduku mengine.

Aliyenisaidia ni asistanti mmoja aliyekuja nyumbani na CP (kiongozi wa promosyo) na wanafunzi wengine wawili. Wakaketi kwenye viti vya barza, mimi nikafundisha, yeye akaweka simu mezani karibu yangu na kitambaa chini yake ili meza isipige kelele. Sikuiangalia hata mara moja. Wale watatu walicheka palipochekesha, walikunja uso palipokuwa pagumu, mmoja akauliza swali la kijinga ambalo lilikuwa swali zuri sana. Yote yakaingia kwenye sauti. Wanafunzi waliokuwa mbali waliniambia baadaye kwamba lile swali ndilo lililowafungua.

Jaribu hivyo na mzee wako. Umkatie vipande vya dakika kumi kumi, yeye asijishughulishe na kukata.

Na kuhusu kumwambia kwamba hajui kubonyeza: usimwambie. Pia usimnyang'anye simu mkononi ili umwonyeshe haraka haraka. Hilo linauma kuliko maneno. Acha simu ibaki mkononi mwake, wewe kaa na mikono magotini, mwelekeze kwa mdomo, hata kama atachelewa. Na asiwepo mtu wa tatu, hasa mjukuu.

fundi_wa_Himbi (Goma)

Sipingi wakubwa ila WhatsApp ina mwisho wake. Mwalimu akiibiwa simu, kozi na kazi za wanafunzi zimekwenda nayo. Alama unazitafuta katikati ya pongezi za harusi na matangazo ya msiba. Siku ya juri (kikao cha kupitisha alama) mwanafunzi akisema "nilituma", nani atathibitisha?

Moodle ni ya bure tangu ilipotolewa na Martin Dougiamas wa Australia mwaka 2002, na haikulazimishi uwe na intaneti kila saa. Hapa kwetu tunatumia MoodleBox: Moodle nzima imewekwa ndani ya kompyuta ndogo sana ya Raspberry Pi, inayoenea kiganjani. Inatoa wi-fi yake yenyewe. Haihitaji reseau ya kampuni yoyote, haili mega hata moja. Inakunywa umeme kidogo, hata betri ya kuchajia simu inaiendesha, kwa hiyo umeme ukikatika somo linaendelea. Sisi watu wa Goma tulijifunza tangu volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021 kutotegemea waya.

Mwanafunzi anapita chuoni mara moja kwa juma, anaunganisha simu, programu ya Moodle inapakua kozi, anarudi nayo Kabare. Mazoezi anaweza kuyafanya nyumbani bila mtandao, ila mwalimu lazima aruhusu hilo kwenye mipangilio ya kila zoezi, wengi husahau. Akirudi, majibu yanapanda yenyewe na alama zinabaki zimeandikwa kwa jina na saa. Wakiwa wengi waingie kwa zamu, kile kisanduku hakibebi oditware nzima (ukumbi mzima wa wanafunzi) kwa mpigo.

CP_L2

Mimi ni mwanafunzi, mnisamehe kuingia maongezi ya wakubwa. Mambo mawili tu.

Mwalimu aanze vokali kwa kusema inahusu sura gani na ukurasa gani. Tunapokea vokali kumi zisizo na jina, tunazisikiliza zote kutafuta moja.

Na tusihesabiwe kama kila mwanafunzi ana simu. Kwenye promosyo yetu kuna watu watatu wanaosoma kwa simu moja wanayokutania jioni kwenye duka la kaka yao. Mwalimu anayechukua mahudhurio kwa kuangalia nani kasikiliza vokali, wawili kati ya hao anawaandika kwamba hawakuja.

asistanti_wa_Nyawera (Bukavu)

Asanteni sana, baba zangu na kaka zangu. Mzee Profesa, nimepeleka wazo lako kwa yule mzee wa baiskeli, bila kutaja lilikotoka. Alinyamaza, kisha akauliza kama wanafunzi watakunywa chai au soda. Basi nimeelewa amekubali.

Papa Kampemba, habari ya silabusi nimeifikisha kwa mkuu. Alinitazama muda mrefu. Amesema ataiweka kwenye ajenda "kama wazo la mtu fulani". Barua nayo ameahidi. Simu ya mama CT imepatikana, ina ufa kwenye kioo lakini inarekodi vizuri.

Kijana wangu CP, hilo la simu moja kwa watu watatu limenigusa. Mahudhurio nitaomba yafutwe, tuhesabu kazi zilizorudishwa.

Bado mtihani unanisumbua. Kwa WhatsApp wataandikiana wote. Na fundi, ile MoodleBox, hapa Bukavu sijaona anayeijua.

Papa_Kampemba (Lubumbashi)

Mtihani: kwa promosyo ndogo, pigeni simu ya kawaida, ile ya sauti isiyohitaji mega. Dakika nane kwa mwanafunzi, maswali mawili kutoka kwenye kazi aliyorudisha yeye mwenyewe. "Ulisema hivi, kwa nini?" Aliyeandikiwa na mwenzake anajulikana kwenye swali la kwanza. Inachosha mwalimu, kwa hiyo mgawane asistanti na CT, na gharama ya simu ibebwe na seksio, iandikwe kwenye ile barua yako. Kwa promosyo kubwa sina dawa, waje chuoni kwa makundi au msubiri.

fundi_wa_Himbi (Goma)

Mama Asistanti, tafuta Raspberry Pi ya aina ya 4 na chaja yake halisi, chaja za simu za sokoni huizimisha katikati. Kadi ya kumbukumbu ya giga 32 inatosha kuanzia. Nitumie hiyo kadi tu kwa mtu anayepanda boti, nitakuwekea mfumo pamoja na kozi moja ya mfano ya Kiswahili na Kifaransa, nitairudisha kwa njia hiyo hiyo. Andika jina la seksio juu ya bahasha, usiandike "kadi ya kumbukumbu", bandarini wana maswali mengi.