Huduma ndogo za ruta: tuzime zote, au tubakize za kupimia?

Mleta mada: Wakuu, heshima kwenu. Huduma ndogo za ruta ni echo, discard, daytime na chargen (poti, yaani namba za milango ya huduma, 7, 9, 13 na 19); ziliandikiwa kanuni mwaka 1983 ili fundi apime mtandao. Echo inarudisha ulichotuma, discard inakitupa, daytime inataja saa, chargen inamwaga herufi tu. Kuanzia IOS 12.0 (IOS ni mfumo endeshi wa ruta za Cisco) Cisco huziacha zikiwa zimezimwa. Kwa hiyo ukiona `service udp-small-servers` (amri ya kuziwasha kwa UDP) kwenye show run, yaani orodha ya mipangilio ya ruta, ujue kuna mtu aliiwasha, au konfigi ya ruta ya zamani ilibandikwa nzima nzima. Mimi nasema zizimwe zote, hata ruta za ndani.

Fundi wa zamani: Sikubaliani. Ping inakuonyesha ICMP (ujumbe wa kupima na kutoa taarifa za mtandao) inapita, basi. Nikitaka kujua TCP (usafirishaji ambao pande mbili huunganishwa kwanza) inafika ng'ambo ya faiwoli, napiga telnet poti 7, naandika, maandishi yanarudi. Weka ACL (orodha ya anwani zinazoruhusiwa), kazi imeisha. Vijana mmezidi woga.

Mleta mada: Shikamoo mzee. Kwa TCP nakuelewa, japo ukipiga telnet poti 22 ya ruta hiyo hiyo ukaona mstari unaoanza na SSH-2.0, umeshapata jibu kwamba TCP inafika. Balaa liko kwenye UDP, inayotuma pakiti bila kuunganisha pande mbili kwanza, maana hapo hakuna anayehakiki anwani ya mtumaji. Mtu anatuma pakiti moja kwa chargen ya ruta A, akijifanya ni echo ya ruta B. A inamjibu B, B inarudisha, A inajibu tena, na wewe unabaki kushangaa CPU imepanda. CERT, kituo cha Marekani cha kuratibu dharura za usalama wa kompyuta, walitoa onyo la mchezo huu Februari 1996! ACL yako inaruhusu anwani za ndani, naye anaghushi hizo hizo. Kompyuta moja ya mapokezi yenye virusi inamtosha. Na chargen ikiwa wazi kwa nje, US-CERT, kitengo cha serikali ya Marekani cha usalama wa mitandao, mwaka 2014 waliipigia hesabu ya kukuza shambulio mara 358.8. Hiyo ni silaha ya kumpiga mtu mwingine kwa bando lako.

Mchangiaji wa tatu: Naunga mkono kuzima, ila msizoe na ICMP humo humo. Kuna mafundi wakisikia "usalama" wanafunga kila kitu. Ukizuia ujumbe wa pakiti kuwa kubwa mno, kurasa nyepesi zitafunguka, nzito zitakwama, na mteja atakupigia simu wiki nzima huku ping yako inasoma vizuri. Kwenye IPv6 ndiyo usiguse kabisa, ruta za njiani hazikati pakiti vipande.

Fundi wa zamani: Marahaba kijana. UDP nimekubali, leo naandika `no service udp-small-servers` kote. Lakini TCP poti 7 kwenye ruta ya maabara siizimi. Anayeona hatari yake anionyeshe shambulio lenyewe, si kunitajia mwongozo.

Mleta mada: Mzee, hiyo ruta ya maabara ina laini ya kwenda nje au haina?