Baruti ipi inafaa kwa .30-06 inayotumika kwenye baridi ya Minnesota na joto la Texas?

Kijana wa Ziwani

Habari za leo, ndugu zangu. Ninaomba ushauri kwa wale mnaojaza risasi wenyewe nyumbani. Ninaishi Minnesota, na bunduki yangu ni ya boliti (komeo linalofunguliwa kwa mkono), kaliba ya .30-06, ambayo huitumia kuwindia kulungu mwezi Novemba kwa vichwa vya risasi vya greni 180 (greni ni kipimo kidogo cha uzito). Februari iliyopita niliandaa kipimo changu kwa subira, nikipanda nusu greni kwa nusu greni kutoka kiwango cha kuanzia hadi kile cha juu kabisa kitabuni, na siku hiyo uwanjani kipimajoto kilionyesha nyuzi 12 chini ya sifuri. Boliti ilifunguka kwa kidole kimoja, na matundu matatu kwenye shabaha ungeweza kuyafunika kwa sarafu.

Mwezi Agosti nilikwenda kwa kaka yangu karibu na San Antonio, Texas, kuwinda nguruwe pori. Joto lilikuwa nyuzi 38, na boksi la risasi lilikuwa limekaa kwenye dashibodi ya pikapu tangu asubuhi. Nilifyatua mara moja tu. Boliti ilikwama hata ikanibidi kuupiga mkono wake kwa kiganja, na ganda lilipotoka niliona fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, imebapaa mpaka imejaa ukingoni mwa tundu lake, na kwenye kitako palikuwa na alama ndogo ya mviringo inayong'aa. Sikufyatua ya pili.

Baruti hiyo ni ya vipunje vya duara. Niliichagua kwa sababu inateremka kwenye kipima cha baruti kama uwele mkavu, na kwa sababu jedwali liliipa kasi kubwa kuliko nyingine zote. Sasa duka la hapa lina makopo ya aina tatu tu: Varget, IMR 4064 na H4350. Nichukue ipi? Na je, naweza kutumia uzito ule ule wa zamani nikapunguza kidogo?

Fundi Mstaafu

Ndugu, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloweza kukutoa jicho: hapana. Uzito wa baruti moja hauhamishiwi kwenye baruti nyingine, hata ukipunguza, hata kama majina yanafanana. Kila kopo lina jedwali lake, na unaanza upya kutoka chini.

Kilichokupata Texas hakina fumbo. Kikomo cha shinikizo kwa .30-06, kwa mujibu wa SAAMI, taasisi ya viwango vya silaha na risasi huko Marekani, ni ratili 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Wewe ulikitafuta kikomo hicho kwenye baridi ya nyuzi 12 chini ya sifuri, wakati baruti yako ilipokuwa imezubaa, kisha ukaipeleka mahali penye tofauti ya nyuzi 50, na dashibodi ikaongeza nyingine ambazo hukuzipima. Baruti yenye joto huungua haraka zaidi, kwa hiyo shinikizo hupanda kabla kichwa hakijasogea vya kutosha mtutuni kuipa gesi nafasi. Ile alama ya kung'aa kitakoni ni shaba ya ganda iliyosukumwa ikaingia kwenye tundu la pini ya kutolea maganda. Ulifanya vyema kuacha.

Sasa kuhusu kuchagua. Ganda la .30-06 ni kubwa kwa kipenyo cha kichwa chake, na kichwa cha greni 180 ni kizito, kinachelewa kuanza safari. Mchanganyiko huo unataka baruti inayoungua polepole kiasi, ili shinikizo lisukume kwa muda mrefu badala ya kugonga mara moja. Kati ya zile tatu, H4350 ndiyo ya polepole zaidi, na ndiyo ningeichukua. Tena ina faida moja ambayo watu huisahau: kipimo chake hujaza ganda hadi karibu na shingo, kwa hiyo ukikosea ukamimina mara mbili, baruti itamwagika mezani na utaliona kosa lako kwa macho. Baruti ya haraka inayojaza nusu ya ganda haikupi onyo hilo.

Vipunje vya duara havina dhambi. Wengi wetu tumevitumia miaka mingi. Ila aina nyingi kati yao huyumbishwa na hali ya hewa kuliko baruti za kisasa zenye umbo la vijiti, na mtu anayewinda kwenye barafu na kwenye jangwa kwa risasi zile zile anapaswa kuliweka jambo hilo mbele ya kasi.

Dada Mlenga Shabaha

Ninakubaliana na Mzee Fundi kwa sehemu kubwa, lakini nisingependa Varget na 4064 zionekane ni za kutupwa. Zote mbili zinafanya kazi vizuri kwenye .30-06, hasa kwa vichwa vya greni 150 hadi 168, na kama siku moja utanunua bunduki ya nusu-otomatiki ya M1 Garand, basi 4064, au baruti nyingine iitwayo 4895, ndizo utakazozihitaji. Garand huchota gesi karibu na mdomo wa mtutu, na baruti ya polepole huacha shinikizo kubwa mno mahali hapo, kiasi cha kuweza kukunja fimbo inayoendesha boliti. Kwa bunduki yako ya boliti hilo halikuhusu.

Varget na H4350 zote mbili zimo katika kundi ambalo kampuni ya baruti ya Hodgdon huliita Extreme, lililotengenezwa nchini Australia kwa lengo hasa la kutoyumbishwa na joto. Haimaanishi kwamba haziyumbi kabisa, bali kwamba tofauti ya Januari na Julai inakuwa ndogo kwenye kronografu, mashine ya kupimia kasi ya risasi. Nunua hiyo mashine, au azima, kwa sababu itakwambia mambo ambayo fataki haisemi mpaka umechelewa: ukiona kasi yako imezidi ile ya kitabu kwa mtutu wa urefu ule ule, ujue shinikizo nalo limezidi.

Kuhusu kasi yenyewe, naomba nikutoe hofu. Futi 70 kwa sekunde zikipungua kwenye kichwa chako cha greni 180, tofauti ya kushuka kwake kwenye yadi 300 ni takriban inchi moja. Kulungu hataitambua. Kwa hiyo hakuna sababu ya kubanana na dari. Chagua kipimo kinachokusanya matundu yako pamoja, greni moja au mbili chini ya kiwango cha juu, na ulale usingizi.

Jambo moja la kero ndogo: 4064 ina vijiti virefu. Ukivuta mkono wa kipima utahisi vikikatika, kama mtu anayetafuna karanga chumba cha pili, na kila kikikatika, uzito unayumba kidogo. Mimi humimina pungufu kidogo, kisha hukamilisha kwenye mizani kwa kudondosha kijiti kimoja kimoja.

Msafisha Mitutu wa Arusha

Mimi sijazi risasi, lakini kwa miaka kadhaa nilitunza bunduki za wageni kwenye kambi ya uwindaji, na suala la joto lilinihusu kila siku. Bunduki za zamani za Waingereza zilitengenezwa kwa kuzingatia jambo hilo hilo. Baruti yao ilikuwa kodaiti, vijiti virefu kama tambi, na ilikuwa na hasira sana kwenye jua. Ndiyo maana ganda la .416 Rigby, la mwaka 1911, ni kubwa ajabu: nafasi ile iliachwa ili shinikizo libaki chini na ganda litoke kwa urahisi hata bunduki ikiwa imeshinda juani mbele ya nyati. Mgeni mmoja alinikuta nikifunika boksi la risasi zake kwa kitambaa kibichi kivulini akacheka. Jioni aliuliza kama nina kitambaa kingine.

Kijana wa Ziwani

Shikamoo Mzee Fundi, na asanteni nyote. Nimenunua H4350 leo mchana. Yamebaki maswali mawili. Jirani yangu ana kopo la IMR 4350 ambalo marehemu baba yake aliliacha, na ananipa bure. Je, linaingia kwenye jedwali lile lile? Pili, nina risasi 43 za kile kipimo cha zamani. Nizifanyeje?

Fundi Mstaafu

Marahaba. IMR 4350 na H4350 ni majirani wa karibu, lakini si baruti moja, na kila moja ina ukurasa wake. Tarakimu zimewaponza wengi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua baruti ya ziada ya jeshi na kuiuza kwa wajazaji risasi, ikiwemo 4831 iliyokuwa ya mizinga ya milimita 20. Baadaye ikaja IMR 4831, ambayo huungua haraka kuliko H4831. Mtu akisoma nambari tu akaacha herufi, anaweza kuvuka kikomo akiwa anadhani amefuata kitabu.

Kopo la marehemu lifungulie nje, usogeze pua taratibu. Baruti nzima hunukia kama kiyeyushio cha rangi, harufu kavu na safi. Ikiwa inachoma pua kwa uchachu, au ukiikung'uta inatoa vumbi jekundu kama kutu, imeshaoza na haifai kukaa ndani ya nyumba. Hata ikinukia vizuri, ikiwa lebo haisomeki au kifuniko kiliwahi kubadilishwa, usiitumie. Tena mezani pako pawe na kopo moja tu kwa wakati mmoja. Mimi niliwahi kuacha makopo mawili kando ya mizani, nikaitwa kwenye simu, na niliporudi nikarudishia mabaki ya kipima kwenye kopo lisilo lake. Nilimwaga yote, karibu ratili nzima, kwa sababu sikuwa na njia ya kuzitenganisha.

Zile risasi 43 zing'oe vichwa kwa nyundo maalumu ya kung'olea, ukiwa umevaa miwani, na usizihifadhi eti kwa ajili ya majira ya baridi, kwani utasahau na zitasafiri tena kwenda Texas. Vichwa vinatumika tena. Baruti utakayoitoa itapanye kidogo kidogo kwenye nyasi za uani, mbali na moto. Ina naitrojeni, na majani yanaipenda kuliko bunduki yako ilivyoipenda.

Kijana wa Ziwani

Nimeshang'oa 20. Kopo la jirani lilikuwa na vumbi jekundu.