Mnatuuziaje tangi na samaki siku hiyo hiyo? Wanane kati ya kumi wangu wamekufa

Ndugu wanajamvi, nawasalimu.

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Wiki mbili zilizopita nilinunua tangi la lita 40, kichujio, hita, changarawe na samaki kumi, vyote kwa muuzaji mmoja na kwa safari moja. Hadi leo wamekufa wanane. Wamekufa kwa jambo linalojulikana, linalopimika na linalozuilika, na mtu aliyelijua au aliyepaswa kulijua ndiye aliyenikabidhi mfuko wa samaki na kunifungulia mlango nitoke.

Nieleze tangu mwanzo, maana najua watakuwapo watakaosema kwamba nilikuwa mzembe. Kabla ya kulipa nilimweleza muuzaji waziwazi kwamba sijawahi kufuga samaki maishani mwangu, nikamuuliza nifanye nini ili wasife. Alinijibu kwamba nioshe changarawe, nijaze maji ya bomba, niwashe kichujio na hita, nisubiri maji yapate joto, kisha niwaachie samaki. Nikamwomba anichagulie wanaomfaa mtu anayeanza, naye akanichagulia tetra neoni sita, samaki wa dhahabu wawili, beta mmoja, na pleko mmoja ambaye alidai kuwa kazi yake ni kusafisha tangi. Nilifuata maelekezo hayo yote kama nilivyopewa.

Siku ya tatu maji yaligeuka meupe kana kwamba yametiwa chokaa. Siku ya nne tetra mmoja alikuwa amekwea juu kabisa ya maji, akifumbua na kufumba kinywa bila kupumzika, matamvua yake yakiwa mekundu kupita kawaida, na ilipofika jioni alikuwa amekufa. Nilirudi kwa muuzaji. Akaniambia kwamba maji yamechafuka, kwa hiyo nimwage yote, nioshe kila kitu kwa maji ya bomba hadi kitakate, na niweke sponji mpya kwenye kichujio. Sponji hiyo mpya aliniuzia yeye. Nikatii. Kufikia siku ya kumi na mbili walikuwa wamekufa tetra wote sita, pleko, na mmoja wa wale samaki wa dhahabu. Binti yangu mwenye umri wa miaka saba alikuwa amewapa majina tetra wote, na aliweza kuwatofautisha, jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliweza. Niliporudi mara ya tatu, muuzaji alinijibu kwamba samaki ni viumbe dhaifu, kwamba yamkini niliwalisha kupita kiasi, na kwamba angenipunguzia bei nikichukua wengine kumi.

Hapo ndipo nilipoacha kumsikiliza nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo hasira yangu ilivyozidi.

Samaki hutoa amonia mchana na usiku, sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na chakula kinachobaki na kinyesi vikioza huongeza amonia hiyo hiyo. Mtoni au ziwani maji ni mengi na sumu hiyo hutawanyika. Ndani ya lita 40 haina pa kwenda, bali hulimbikizana na kuyaunguza matamvua ya yule yule aliyeitoa. Kinachowaokoa samaki wa tangini ni bakteria wanaojishikiza kwenye sponji ya kichujio, kwenye changarawe na kwenye kuta za kioo. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huingia katika damu na kuizuia isibebe oksijeni, hata samaki akatweta ndani ya maji yenye hewa ya kutosha. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia ikiwa chache, na mfugaji huipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki.

Bakteria hawa hawamo katika tangi jipya kwa wingi unaotosha. Huchukua takriban wiki nne hadi sita kuongezeka, na wakati mwingine hufika wiki nane. Mfugaji makini huliendesha tangi bila samaki katika muda huo wote, akitia amonia kidogo kwa kipimo ili bakteria wapate chakula, na huwaleta samaki pale tu anapoona kwamba miligramu 2 za amonia kwa kila lita zinamalizika ndani ya saa 24, na nitriti inasoma sifuri. Haya si maarifa mapya wala ya siri. Mwanasayansi wa vijidudu, Sergei Winogradsky, aliwatenga bakteria wa namna hii katika maabara mwaka 1890. Ni zaidi ya miaka mia moja na thelathini iliyopita, na bado mtu anayejipatia riziki kwa kuuza samaki anamwambia mteja asubiri maji yapate joto!

Sasa litazameni upya lile agizo la kuosha kila kitu. Ule weupe wa siku ya tatu ulikuwa ni bakteria wengine waliofumuka ndani ya maji, hali ya kawaida katika tangi changa, na kwa kawaida hutoweka wenyewe baada ya siku chache. Bakteria wachache wenye manufaa waliokuwa wameanza kujishikiza kwenye sponji niliwatupa pamoja na sponji yenyewe, na waliobaki kwenye changarawe niliwaua kwa klorini ya maji ya bomba. Kwa maneno mengine, nililirudisha tangi kwenye siku ya kwanza huku ndani yake mkiwa na samaki tisa waliokwisha kudhoofika. Sponji huoshwa kwa kuminywaminywa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, na haibadilishwi hadi ichakae. Boksi la kichujio changu limeandikwa kwamba sponji ibadilishwe kila mwezi, na siwezi kulisamehe boksi hilo, kwa maana anayefuata maandishi yake anatupa uhai wa tangi lake kila mwezi na kulipia tendo hilo.

Hiyo klorini nayo sikuambiwa neno lolote kuihusu. Huwekwa katika maji ya bomba ili yatufae sisi kunywa, lakini huchoma matamvua ya samaki. Dawa ya kuiondoa ipo, nyingi zikitengenezwa kwa thiosulfati ya sodiamu, na matone machache hutosha ndoo nzima. Wapo wanaoshauri kuyaacha maji wazi siku nzima ili klorini itoke yenyewe, na ushauri huo hufaa pale tu ambapo mamlaka ya maji haitumii kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kwani kloramini haitoki kwa kuachwa. Chupa ya dawa hiyo ilikuwa rafuni nyuma ya muuzaji wakati nikimuuliza nifanye nini ili samaki wasife.

Kuhusu uchaguzi wa samaki nashindwa kupata neno la upole. Samaki wa dhahabu hustawi katika maji ya ubaridi kiasi, ilhali beta anataka nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi, kwa hiyo siku ya kwanza tu nilikuwa nimekwisha kuwatesa upande mmoja au mwingine, vyovyote vile ambavyo ningeiweka hita. Samaki wa dhahabu wa aina ya kawaida huweza kupita sentimita 20 na kuishi miaka kumi na zaidi akitunzwa, na ni mchafuzi mkubwa wa maji. Pleko wa kawaida hupita sentimita 30, naye haondoi uchafu wowote, kwa kuwa hula na kunya kama wenzake, na ni mwingi wa kinyesi kuliko wengi wao. Wote hao waliuzwa wakiwa na urefu wa kidole, na hakuna kibao hata kimoja kilichoonyesha watafikia urefu gani. Katika duka hilo hilo niliona bakuli za mviringo zenye picha ya samaki wa dhahabu akitabasamu. Nchini Italia mji wa Monza ulipiga marufuku ufugaji katika bakuli za namna hiyo mwaka 2004, na Roma ikafuata mwaka 2005. Kama madiwani waliweza kulitambua tatizo hilo, anayekaa na samaki kutwa hana pa kujificha.

Nimeambiwa na jamaa zangu wawili kwamba ninakuza jambo, kwamba samaki ni samaki tu. Siukubali usemi huo hata kidogo. Kiumbe niliyemtia ndani ya kioo hawezi kuogelea kwenda kutafuta maji mengine. Hewa yake, joto lake na chakula chake vyote vimo mikononi mwangu, na aliyeniuzia anajua kwamba ndivyo ilivyo. Mtu akiuziwa mtoto wa mbwa na kuambiwa amfungie ndani ya kabati, kila mmoja wetu angepaza sauti.

Ninachokidai si kikubwa. Muuzaji amuulize mteja maswali mawili: tangi lako lina lita ngapi, na limekuwa likifanya kazi kwa muda gani? Akijibiwa kwamba limenunuliwa leo, amuuzie tangi, dawa ya kuondoa klorini na vipimo vya maji, kisha amwambie arudi baada ya wiki kadhaa akiwa na maji kidogo ndani ya chupa ili yapimwe kabla hajapewa samaki hata mmoja. Najua mauzo ya siku hiyo yatapungua. Lakini mimi ningerudi kununua chakula na vifaa kwa miaka mingi, na sasa sitalikanyaga tena duka lile.

Vipimo nilivinunua kwingine siku ya kumi na mbili. Amonia ilisoma miligramu 4 kwa lita, mahali panapotakiwa kusoma sifuri. Tangu siku hiyo nabadilisha theluthi moja ya maji kila jioni, yakiwa yametiwa dawa na kufikishwa kwenye joto la tangi, na nalisha mara moja kwa siku kile tu kinacholiwa ndani ya dakika mbili. Jana amonia ilishuka hadi 0.5, na nitriti imeanza kuonekana, dalili kwamba bakteria wa kwanza wameanza kazi, ingawa maana yake pia ni kwamba hatari ya pili ndiyo kwanza inaingia.

Waliobaki ni beta, ambaye mapezi yake yamechanika, na samaki mmoja wa dhahabu. Beta atakaa peke yake katika tangi hili, na sitamwongezea mwenzake yeyote kabla vipimo havijatulia. Huyo wa dhahabu hapa hapamfai, na kumwachia mtoni au ziwani nimekataa, kwa kuwa huko huzaliana na kuwaharibia makazi viumbe wa asili. Kama kuna mwanajamvi mwenye tangi kubwa lililokomaa, au bwawa la bustani, namwomba ajitokeze. Sitaki malipo yoyote, ila nitaomba kuona vipimo vya maji yake kabla sijamkabidhi samaki.