Monita za zamani zinazozingua picha: tupeane uzoefu

Habari zenu wakuu. Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Nina steshenari ndogo. Monita ni ya mtumba, inchi 17, zile za umbo la karibu mraba. Asubuhi moja nawasha, kila kitu njano. Mama mmoja aliyekuja kutoa picha za paspoti akachungulia akasema, "Mwanangu, mbona umenipa homa ya manjano?" Nikapiga Windows upya, bado. Nikanunua kadi ya picha ya mtumba, elfu thelathini ikaenda, bado. Jioni kijana wa jirani anayetengeneza simu akachomoa waya wa VGA, ule unaoleta picha kutoka kwenye kompyuta, akaumulika na tochi, akacheka. Pini ya tatu imelala.

Kumbe pini tatu za mwanzo ndizo zinazobeba rangi: ya kwanza nyekundu, ya pili kijani, ya tatu bluu. Bluu ikikatika zinabaki nyekundu na kijani, na mwanga wa hizo mbili ukichanganyika ni njano. Ikikosekana kijani, skrini inakuwa ya pinki inayoelekea zambarau. Ikikosekana nyekundu, inakuwa kama maji ya bahari. Akainyoosha kwa ncha ya penseli ya kubonyeza iliyoishiwa risasi, dakika moja. Ila ukiona pini ya tisa haipo usishtuke, waya nyingi zinatoka kiwandani hazina.

Haya, leteni zenu. Nataka yaliyokukuta wewe, ya kusikia kwa jirani hapana.

Mdau, Mwanza:
Yangu ilikuwa inawaka sekunde mbili, picha safi kabisa, halafu giza. Taa ya kijani ya pembeni inaendelea kuwaka kama hakuna kitu. Fundi wa kwanza akaniambia kioo kimekufa, nimwachie kwa elfu kumi achukue spea. Kidogo nikubali.

Usiku nikazima taa za chumbani, nikamulika kioo kwa tochi kutokea ubavuni. Naona alama za programu zote, hafifu kama kivuli. Yaani picha ipo, mwanga wa nyuma ndio hakuna. Hizi bapa za kabla ya LED zina mirija myembamba ya floresenti nyuma ya kioo, inalishwa na saketi ya volti kubwa, na saketi hiyo ikihisi umeme hautulii inajizima yenyewe.

Nikachomoa umeme, nikaiacha mpaka kesho yake, nikafungua. Kwenye bodi ya umeme kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimevimba vichwa kama maandazi. Zimeandikwa maikrofaradi 1000, volti 16. Nikapata za 1000 hizo hizo, volti 25, zinazohimili nyuzi 105. Volti ikizidi hakuna shida mradi zienee kwenye nafasi. Hesabu ya maikrofaradi usiichezee, na usigeuze miguu: upande wenye mstari ni hasi. Kapasita na nauli ya daladala havikufika elfu tano. Hiyo ni 2019, na mwanangu anaisomea mpaka leo.

Mdau, Morogoro:
Mkuu wa Mwanza umesahau kuwaonya watu. Ile kapasita nene karibu na umeme unapoingilia inabeba volti mia tatu na kitu. Mimi niliigusa nikajikuta nimeegemea kabati. Na monita za chogo, zile nene za kizamani, ndiyo usiguse kabisa, kioo chake kinatunza maelfu ya volti hata baada ya kuzimwa.

Mdau, Mombasa:
Umenikumbusha chogo! Tulikuwa na saiba, mashine ya kona ilikuwa na doa la kijani upande wa kushoto, wateja hawaitaki. Tulihangaika wiki mbili, kisha mtu akahamisha spika iliyokuwa imebanwa ubavuni mwake. Sumaku ya spika ndiyo iliyokuwa ikivuta rangi. Doa halikwisha papo hapo, ilibidi tuingie kwenye menyu tukabonyeze ile ya kuondoa usumaku. Kioo kikalia "tung!", picha ikatikisika, ikatulia. Wenye sabufa wakati ule watakuwa wananielewa.

Mdau, Dodoma:
Yangu iliandika "No Signal", yaani haipati picha, kumbe haikuwa monita hata kidogo, ni RAM, kile kibao cha kumbukumbu ndani ya kompyuta. Nilisugua meno yake kwa ufutio wa penseli ikawaka. Ukichomoa waya wa VGA monita ikiwa imewashwa, na yenyewe ikaandika ujumbe wake wa kulalamika, ujue kioo kizima. Kaanze kwenye mashine.

Mdau, Arusha:
Nilinunua waya mtupu wenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili. Giza. HDMI ni dijitali, VGA ni analogi, lazima katikati pawe na kigeuzi chenye chipu. Muuzaji alikataa kurudisha hela, nikanunua kigeuzi kwingine.

Mdau, Unguja:
Mimi herufi zilikuwa na kivuli pembeni, kama zimeandikwa mara mbili. Nilikuwa natumia waya wa mita 10 kupitisha nyuma ya kabati. Nilipoweka wa mita moja na nusu, na kompyuta nikaiweka 1280 kwa 1024 ambayo ndiyo ya kioo chenyewe, kikawa kipya. Miwani niliyokwisha kuagiza sikuifuata.

Mdau, Tanga:
Yangu ina mstari wima wa pinki. Mafundi watatu wamesema ni utepe ulioachia kwenye kioo, haulehemeki. Niligundua ukibonyeza fremu ya juu unapotea, basi nikabana kibanio cha nguo hapo. Miezi saba sasa. Mke wangu akipungukiwa vibanio siku ya kufua, ndiyo nauona tena huo mstari.

Mleta uzi:
Mkuu wa Tanga, picha ya hicho kibanio tafadhali.