Tupeane uzoefu: timu uliyoipenda ikavunjwa

Wakuu, nipo Portland, Oregon, mwaka wa tisa. Kazini nina mzee Mmarekani. Tukipita Providence Park lazima asimame. Kwake pale bado ni Civic Stadium, na timu ni Portland Mavericks ya besiboli, iliyodumu misimu 5 tu, 1973 hadi 1977.

Beavers, timu ya ligi ya juu iliyokuwa hapo mjini, walikuwa wamehamia Spokane. Mwigizaji Bing Russell akaunda timu yake ya daraja la chini. Wenzake wengi kwenye ligi waliletewa vijana na klabu kubwa. Yeye hakuwa na klabu nyuma yake, akatangaza majaribio, aje anayetaka. Wakaja walioachwa na klabu zao na wasiowahi kuitwa popote. Mwanawe Kurt alicheza. Jim Bouton, mrushaji wa zamani wa klabu kubwa ya New York Yankees, alirudia mpira hapo. Hata zile bigijii za Big League Chew, zilizokatwa kama tumbaku, wazo lilizaliwa kwa warushaji wa Mavericks wakisubiri zamu.

Mwaka 1977 walishinda 44, wakapoteza 22. Halafu ile ligi ya juu ya Beavers ikautaka tena mji, Mavericks wapishe kwa kulipwa. Bing akakataa fidia ndogo, shauri likaamuliwa alipwe dola 206,000. Timu ikafa hivyohivyo. Mzee ana kofia aliyonunuliwa na baba yake. Ukingo umeisha, ila hataki ishonwe.

Wewe yako ipi?

Mchangiaji, Mwanza
Yetu ilikuwa ya mtaani, mpira wa miguu, misimu miwili. Mfadhili alihama, tukakosa nauli ya kwenda mechi za ugenini. Jezi namba 6 ninayo. Mama alishona namba kwa mkono kwa uzi mweusi, ya mgongoni imekaa upande.

Mchangiaji, Mombasa
Pole ndugu. Sisi netiboli, timu ya kiwandani. Kiwanda kilipopunguza watu, wafungaji wetu wawili walikuwa wa kwanza kutolewa. Jumamosi iliyofuata tulienda uwanjani saa kumi kama kawaida, tukakaa tu.

Mwanzisha mada
Dada, hiyo ya kukaa tu imenigusa. Mimi naumia zaidi kwamba Mavericks hawakufa kwa kukosa watu. Watazamaji walikuja kwa wingi. Mji uliochangamshwa na timu ile ndio ukawavutia wakubwa warudi. Leo nikimwona mzee nitamsomea hizi zenu, hasa ya namba 6.