Godfather yanilaza, Goodfellas yaniamsha: mbona?

Mtoto wa Langoni
Asalaam aleikum. Juzi tulipanda darini na laptopu ya binamu yangu, tukatia The Godfather (1972), sinema ya majambazi. Marlon Brando, yule mkuu wao, hajamaliza kumpapasa paka wake, mimi nishakoroma. Jana ikawa zamu ya Goodfellas (1990), na hadi adhana ya alfajiri macho makavu! Zote Wataliano wa New York, zote damu na jamaa na chakula. Tofauti iko wapi? Au mimi ndiye sina subira? Msinitukane.

Fundi Mlango
Waaleikum salaam mwanangu, hutukanwi. Mimi riziki yangu ni kuchonga milango, basi hata sinema naitazama kwa milango yake.

Godfather yaanza ndani ya chumba kilichofungwa. Nje harusi, muziki, jua. Ndani baba wa watu anamlilia mzee amlipizie kisasi cha bintiye. Mpiga picha, Gordon Willis, aliziweka taa juu ya vichwa, macho ya Brando yakabaki kizani. Hujui anawaza nini, na hapo ndipo unapomwogopa. Mwishoni mlango unamfungikia Kay, mke wa Michael (Al Pacino), mwana wa yule mzee. Mwenye nyumba kaachwa dakani kama mgeni!

Sasa Goodfellas. Henry, jambazi kijana, anamwingiza mpenziwe Karen kwenye klabu ya usiku ya Copacabana kwa mlango wa nyuma: ngazi, ujia, jikoni katikati ya wapishi, mpaka meza inabebwa na kutuliwa mbele ya jukwaa. Karibu dakika tatu, picha haikukatwa hata mara moja. Njia nzima anagawa noti, na kila mlango wamfungukia. Scorsese, mwongozaji wake, kakuchukua na wewe. Utalalaje, nawe unatembea?

Bi Kahawa Tungu
Fundi, na kitunguu thomu hukukiona? Paulie, bosi wa Henry, yuko jela, anakikata kwa wembe, chembamba hata kiyeyuke kwenye mafuta. Nikajaribu. Nilijikata kidole, na mume wangu hakusikia tofauti yoyote kwenye mchuzi.

Mvuvi wa Malindi
Nyie watu wa Lamu mmeisahau Scarface. Ile ya 1932, ya Howard Hawks, ni ya Mtaliano wa Chicago. Karibu kila anapouawa mtu pana alama ya X mahali fulani kwenye picha, kivuli au boriti. Itafuteni. Brian De Palma akairudia 1983, akaihamishia Miami, jambazi akawa Mkuba, na Al Pacino anafoka mwanzo mwisho. Ndiye yule yule Pacino aliyenyamaza kwenye Godfather!

Mimi kelele zile zanichosha, lakini vijana wa huku hawataki nyingine.

Fundi Mlango
Michael hana haja ya kufoka. Pale mkahawani, kabla hajampiga risasi Sollozzo, adui wa babake, sikiliza treni inavyokwaruza nje. Uso wake umetulia, treni ndiyo inayompigia kelele.

Mtoto wa Langoni
Shukran ami. Leo usiku nairudia, nihesabu milango. Ila yule paka, ana maana gani kwenye hadithi?

Fundi Mlango
Hana. Wala hakuandikwa. Alikuwa akirandaranda studio, mwongozaji Coppola akamkamata akampakatisha Brando. Paka ni kama hawa wetu wa Mkomani, akiona paja limekaa wazi yeye hulala.